Kuhusu ile intaneti ya nyumbani uliyoniuliza

Mambo vipi rafiki yangu,

Meseji yako nimeisoma yote, na zile skrinshoti za vifurushi nimezikuza mpaka yale maandishi madogo ya chini kabisa, sasa kabla hujamjibu yule wa mauzo naomba unisikilize kwanza maana naona kabisa unaelekea kuchukua kile cha 500 Mbps, yaani spidi ya megabiti 500 kwa sekunde. Usikichukue. Sio kibaya, ila kwa mnavyoishi hapo ndani, watu wanne, hakuna anayerusha mavidio mazito kila siku wala anayekesha kwenye magemu, mtalipia kitu ambacho hamtakaa mkiguse hata robo.

Hebu tupige hesabu. Netflix wenyewe wanasema HD kamili inataka kama 5 Mbps na 4K, ile picha kali zaidi ya HD, inataka 15. Vidio kol ya Zoom hata ukiiweka kwenye ubora wa juu haizidi 4 hivi. WhatsApp, kusoma habari, imeli, hivyo ni vitu vidogo sana. Haya chukua ule usiku ambao wote mmejazana kwenye mtandao, mmoja yuko na muvi ya 4K sebuleni, wewe uko kwenye kikao, watoto kila mmoja na vidio yake ya HD, hapo ni 15 na 4 na 5 na 5, jumla 29. Ongeza simu zinazojisasisha zenyewe kimyakimya, bado 50 Mbps inawatosha na chenji inabaki. Na ukishafungiwa usije ukashtuka ukishusha faili ukaona inasoma MB 6 tu kwa sekunde ukadhani umepigwa, wao wanauza kwa megabiti na simu inahesabu kwa megabaiti, baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawanya kwa 8 ndio utapata ile unayoiona.

Sasa kitu ambacho hukuniuliza na ndicho kinachonikera kwenye matangazo yote haya, ni spidi ya kupandisha. Ile namba kubwa waliyoiandika ni ya kushusha, ya kupandisha utaikuta imejificha huko chini au haipo kabisa. Mwenye kuangalia muvi tu hawezi kuiona tofauti, lakini wewe unafanya vikao vya vidio, na kwenye kikao sura yako na sauti yako vinatoka, vinapanda. Nyumba niliyokuwa nakaa zamani tulikuwa na laini ya kushusha 20 na kupandisha 1. Kila jioni mtu akiingia na simu yake, ikishika waifai tu inaanza kupandisha picha na vidio za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni, na hapohapo mimi nikiwa kwenye kol sauti inaanza kukatika, nawasikia wenzangu vizuri kabisa ila wao wananiambia "umeganda, umeganda". Ukipima spidi ya kushusha iko sawa, ruta taa zote zinawaka, ungeweza kuhangaika wiki nzima. Basi uliza namba ya kupandisha, na kwa nyie isiwe chini ya 10.

Kuhusu aina yenyewe ya laini, kama faiba imeshafika kwenye jengo lenu sioni sababu ya kufikiria kingine. Ule ni uzi wa kioo na data inapita kama mwanga, haijali upo mbali kiasi gani na mtambo kama zinavyojali zile waya za simu za shaba, ambazo kila ukizidi kuwa mbali ndio spidi inazidi kushuka, ADSL2+ kwa mfano, aina mojawapo ya intaneti ya waya hizo, inafika 24 Mbps kwa aliye karibu kabisa lakini wa kilomita kadhaa anaambulia vipande. Faiba pia kwa kawaida haibaniki kwenye kupandisha. Ila ujue jambo moja, kile kiboksi cha faiba wanachokifunga ukutani kinatumia umeme na ruta nayo inatumia umeme, ukikatika vyote vinazima hata kama laini ni nzima, kwa hiyo ukiweza tafuta ka-UPS kadogo, kale kaboksi ka betri ya akiba, uvichomeke vyote viwili, havili umeme mwingi.

Kama faiba haijafika basi ruta ya 4G au 5G, na hapa ndio naomba uwe makini. Mnara ni kama bomba moja la mtaa, maji yapo ila saa ambayo kila mtu anafungua koki presha inashuka. Ukiijaribu saa nne asubuhi utaipenda, rudi uijaribu saa mbili usiku ndio utaijua. Kwa hiyo kabla ya kununua ruta chukua laini ya kampuni hiyohiyo, weka kwenye simu, kaa mle ndani ambapo ruta itakaa, pima jioni, tena siku tofauti tofauti, wikiendi ikiwemo. Usipimie barazani. Na ukija kuiweka ruta yenyewe iweke dirishani upande wa mnara, kusogeza kidogo tu wakati mwingine kunabadilisha kila kitu.

Setilaiti ni ya pale ambapo hakuna kingine. Zile za zamani zimekaa juu kabisa, karibu kilomita 36,000, safari ya kwenda na kurudi inakula zaidi ya nusu sekunde hata kama spidi ni kubwa, kwa muvi sawa ila kwenye maongezi mnakuwa mnakatishana maneno kila saa. Za Starlink ziko chini sana, kama kilomita 550, kwa hiyo unaongea vizuri tu, lakini sahani lazima ione mbingu wazi bila miti wala ukuta, na mvua kubwa inaisumbua. Nyie mna jengo refu pembeni, sidhani.

Halafu hilo neno "bila kikomo" walilolikoleza, lisome mpaka mwisho. Mara nyingi kuna sera ya matumizi ya haki, maana yake ukishavuka GB kadhaa kwa mwezi hawakukatii ila wanakushusha spidi mpaka unachoka mwenyewe. Na GB zinaenda kuliko mtu anavyodhani, 5 Mbps kwa saa moja ni zaidi ya GB 2, masaa matatu kwa siku kwa tivii moja tu unafika kama GB 200 kwa mwezi, bado simu, bado laptopu. Kwa hiyo muulize waziwazi, nikivuka kiasi gani mnanishusha, na mnanishusha mpaka ngapi? Akizungukazunguka kwenye jibu ujue jibu unalo. Kifurushi cha 50 ambacho hakishushwi nakipenda mara kumi kuliko cha 200 kinachogeuka 2 tarehe ishirini.

Ruta. Hapa watu wengi wanalaumu kampuni bure. Fundi akija atataka kuiweka pale anapoingilia waya, karibu na mlango, chini, nyuma ya tivii, kwa sababu waya wake unaishia hapo na yeye anataka kuondoka. Mkatalie kwa upole, mwambie avute waya mpaka katikati ya nyumba na ruta ikae juu, juu ya kabati hata, mbali na friji na maikrowevu. Inatoa mawimbi ya aina mbili, ya 2.4 GHz yanapenya kuta vizuri ila spidi yake ni ndogo, na ya 5 GHz yana spidi kubwa ila ukuta mmoja wa zege tu yanachoka. Kwa hiyo simu ya chumba cha mwisho iache kwenye 2.4, laptopu yako ya kazi iweke kwenye 5 au bora zaidi ichomeke kwa waya kabisa, na tivii vilevile kama iko jirani. Waya ule wa kawaida wa Cat5e unabeba mpaka 1 Gbps, yaani 1,000 Mbps, hutakaa uumalize. Ukishachomeka hivyo viwili utashangaa hata waifai ya wengine inavyopumua.

Na mkataba. Kama kuna wa mwezi mwezi chukua huo hata kama unazidi kidogo, angalau miezi ya mwanzo, maana mtandao unaujua ukishakaa nao sio siku anayokuja fundi. Hizo ofa za nusu bei angalia bei inakuwa ngapi ofa ikiisha, na ukivunja mkataba katikati wanakudai nini, na ruta ni yako au ni ya kurudisha. Kingine, ongea na majirani wa ghorofa yenu, sio kuwauliza kama ni nzuri, kila mtu atakwambia ni nzuri, waulize mara ya mwisho ilikatika lini na ilichukua siku ngapi fundi kuja. Mimi hilo ndilo ningelipa uzito kuliko vyote, kwa sababu laini zote zinakatika, tofauti ni nani anapokea simu.

Kwa hiyo leo mwandikie yule wa mauzo mwulize kile cha 50, spidi ya kupandisha na kile kiwango cha GB ambacho ukivuka wanakushusha spidi, ajibu kwa maandishi sio kwa simu. Akishakujibu nitumie, usisaini kitu mpaka tumekipitia pamoja, nipo macho mpaka saa tano hivi.

Wasalimie watoto na shem pia.

Ni mimi rafiki yako