Mhariri, sisi tunaomba mlango mmoja tu

Mhariri, salaam.

Ofisi yetu iko ghorofani huku Kijitonyama, na mwaka juzi wakavunja kuta zote, eti tuwe wamoja, tuongee zaidi. Sasa tuko thelathini na kitu kwenye ukumbi mmoja kama darasa la shule ya kata, mi mhasibu, mishahara yote inapita kwangu, na meza yangu wameiweka njiani kabisa kwa anayeenda kuchukua chai. Hebu fikiria. Mtu anakuja "dada shikamoo, za asubuhi", mdomo unasalimia ila macho yako kwenye skrini, anatafuta mstari wa fulani. Kuanzia tarehe 23 kila mwezi nafanya kazi nimeinamia laptopu kama mwanafunzi anayeficha majibu, shingo inauma mpaka Jumapili.

AC sitaki hata kuiongelea, walio chini yake wamejitanda khanga, wa dirishani wanajipepea na faili, na rimoti kila siku inapotea, tushazoea.

Nisichokizoea ni simu. Mwezi wa tatu nilipigiwa kutoka maabara, majibu ya mama, na hapo hapo nyuma yangu watu wanabishana Simba na Yanga, kulia kuna mtu yuko kwenye kikao cha mtandaoni anapiga kelele "mnanisikia? mnanisikia?", basi nikatoka mbio ngazini. Kufika ngazini kumbe kuna foleni! Mmoja anambembeleza mwenye nyumba amvumilie mpaka mwisho wa mwezi, mwingine kaegemea ukuta analia kimya kimya. Majibu ya mama nikayapokelea hapo, mkono mmoja nimeziba sikio. Yule mzee mlinzi pale chini anajua siri za ofisi kuliko mtu wa HR, na ana adabu zake, siku hizi akiona mtu anashuka ameshika simu anainuka anakuachia kiti, anaenda kusimama getini.

Na huko kuongea zaidi kwenyewe hakuna. Anayekaa pembeni yangu, hata mita haifiki, ananiandikia WhatsApp "twende tukale?" kwa sababu akisema kwa sauti meza nne zinageuka. Nilidhani ni sisi tu, kumbe mwaka 2018 Ethan Bernstein wa Harvard na mwenzie Stephen Turban walivalisha wafanyakazi wa kampuni mbili vifaa vya kupima nani anaongea na nani, kabla na baada ya kuta kuondolewa, wakakuta maongezi ya ana kwa ana yameshuka kwa kama asilimia 70 na imeili ndo zimeongezeka. Watu wamevaa headfoni, wamejijengea ukuta masikioni.

Bosi aliyetuambia kuta zinatenganisha watu, wa kwake haukuvunjwa. Simlaumu, angeongeaje na benki mbele yetu? Basi ajue na sisi tuna benki zetu, tuna waganga wetu, tuna wakwe.

Haturudishi kuta, hela hakuna tunajua, mi si ndo naandika hizo hundi. Ila pembeni ya choo kuna stoo, ina taa, ina dirisha dogo, na mlango unafunga. Ndani kuna maboksi ya kalenda za 2019 na mti wa Krismasi wa plastiki. Tupewe ufunguo, maboksi tutayabeba wenyewe Jumamosi.

Mhasibu wa njiani,
Dar es Salaam