Mwanangu, usiufute ujumbe huo

Mwanangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wa vitisho waliokutumia kwa sababu ya ile stakabadhi ya uongo uliyokataa kuitia saini nimeusoma. Usiufute, wala usiujibu. Ukiufuta umepoteza ushahidi. Ukiujibu kwa hasira umewapa maneno ya kukugeuzia kibao.

Mfalme Hezekia naye aliletewa barua ya vitisho kutoka kwa Senakeribu wa Ashuru, mwaka 701 kabla ya Kristo. Miji yenye maboma ya Yuda ilikuwa imeshatwaliwa, kwa hiyo hayakuwa maneno matupu. 2 Wafalme 19:14 yasema aliisoma, akapanda nyumbani kwa Bwana, akaikunjua mbele zake. Barua yenyewe! Na alipoomba hakuficha kitu: alikiri kwamba ni kweli wafalme wa Ashuru wameangamiza mataifa. Fanya vivyo hivyo. Weka simu mezani ujumbe ukiwa wazi, umsomee Mungu neno kwa neno, umwambie ni lipi hasa linalokutetemesha: kupigwa, kuaibishwa, au kufukuzwa kazi. Ukisema tu "Bwana nilinde" ukaishia hapo, hofu yako hujaigusa, maana hujaitaja jina. Ukimaliza, simu iweke chumba kingine. Kuusoma tena na tena usiku wa manane si kukesha katika sala. Ni kumwachia mtu yule akutishe mara ishirini kwa ujumbe mmoja.

Na usijilaumu kwamba unaogopa. "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe," asema Daudi katika Zaburi 56:3. Siku ya hofu anaikubali kwamba ipo.

Sasa kaa na Nehemia, sura ya 4, aliyejenga upya ukuta wa Yerusalemu huku adui wakimtisha. Mstari wa 9 una mambo mawili kwa pamoja: waliomba, na wakaweka walinzi mchana na usiku. Palipokuwa chini na wazi nyuma ya ukuta aliwapanga watu kwa jamaa zao, wenye panga, mikuki na pinde. Mpiga tarumbeta alikuwa kando yake, kwa kuwa wajenzi walitawanyika mbalimbali. Je, kwako palipo wazi ni wapi? Naona ni ile njia ya kutoka kazini giza likiingia. Badilisha saa, au urudi na mwenzako. Tarumbeta nayo uwe nayo: chagua watu watatu, mmoja wa nyumbani, mmoja wa kazini, mmoja wa kanisani, uwape namba iliyokutisha, mkubaliane neno moja ambalo ukilituma wanakupigia papo hapo.

Polisi pia uende. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, kisha kituoni usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, hata wakikuambia watakupigia. Wapo watakaosema huko ni kukosa imani. Wasome Matendo 23. Bwana alimtokea Paulo usiku akamwahidi kwamba atashuhudia hadi Rumi. Kulipokucha, watu zaidi ya 40 wakaapa kumwua, na Paulo, akiwa na ahadi hiyo mkononi, alimtuma mpwa wake kwa jemadari. Alitolewa mjini usiku akisindikizwa na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Hakuona kwamba ahadi na askari vinapingana.

Jihadhari zaidi na Shemaya, Nehemia 6:10. Nehemia alipoingia nyumbani kwake, alimtolea unabii: tujifiche hekaluni, wanakuja kukuua. Kumbe alikuwa amekodiwa na adui wa Nehemia. Akija mtu na "neno" la kukuongezea hofu, kisha akataka fedha ya mafuta ya upako au sadaka ya kukukomboa, muage kwa heshima, mfuate mchungaji wako anayekujua.

Mstari wa 9 wa sura hiyo hiyo unasema kwa nini walitishwa: ili mikono yao ilegee waache kazi. Nehemia akaomba Mungu aitie nguvu mikono yake, na ukuta ukamalizika kwa siku 52. Wewe nao wanautaka mkono wako, mwanangu, utie ile saini. Usitie.

Kesho pitia kituoni kabla ya kazi, unitumie namba ya RB. Leo saa tatu usiku nitasoma Zaburi 56 yote. Isome nawe saa hiyo hiyo.

Mama yako