Huo utando chini ya chupa yako ya Chenin

Wiki hii tumetumiwa picha tatu za WhatsApp, zote za chupa ya Chenin Blanc, mvinyo mweupe tunaoutengeneza hapa Dodoma, iliyoinuliwa kwenye taa, chini yake kuna utando wa rangi ya maziwa. Mmoja aliandika kwa kifupi: "Mmenichanganyia nini humu?" Hatujachanganya kitu, ndugu mteja. Unachokiona ni hamira. Zimekufa, ila kazi zimeifanya.

Mama anayeumua maandazi alfajiri anaijua hamira: inakula sukari, inatoa hewa, unga unaumuka. Kwenye juisi ya zabibu mambo ni hayohayo, isipokuwa hewa tunaiacha iende zake, tunabaki na kilevi. Hesabu yetu ya kila siku ni kwamba gramu 17 hivi za sukari kwenye lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi. Jua la Dodoma halina ubahili, hivyo juisi yenye gramu 220 kwa lita inafika karibu asilimia 13. Sukari ikiisha, hamira hukosa chakula, hufa na kuzama chini ya tangi.

Wengi hudhani hadithi inaishia hapo, lakini kwa Chenin yetu ndipo inaponoga. Seli ya hamira ikishakufa, vimeng'enya vilivyomo ndani yake havifi nayo. Vinaanza kuimega seli yenyewe, taratibu, kwa miezi. Ukuta wake unalegea na vya ndani vinavujia kwenye mvinyo: amino asidi, mafuta kidogo, na protini zilizoshikana na sukari, ziitwazo manoprotini. Hizi ndizo zinazoufanya mvinyo ujae mdomoni. Uchachu unabaki palepale, ila ulimi hauuhisi ukichoma kama mwanzo. Inakuja pia harufu fulani ya mkate uliotoka tanuri. Na mashapo hayo hunyonya oksijeni, kwa hiyo mvinyo mweupe haugeuki rangi upesi kama tunda la epo lililokatwa likaachwa mezani.

Ujanja huu hatukuubuni sisi. Kule Champagne, Ufaransa, kanuni hairuhusu chupa ya kawaida iuzwe kabla ya miezi 15, na 12 kati ya hiyo lazima ilale juu ya hamira zake. Baadhi ya mvinyo wa Muscadet, kwenye bonde la Loire hukohuko Ufaransa, ambako Chenin nayo ina kwao, huachwa juu ya mashapo majira yote ya baridi. Kule Burgundy, Ufaransa hiyohiyo, wanaingiza fimbo kwenye pipa na kukoroga. Sisi tunakoroga mara moja kwa wiki, kwa miezi mitano.

Sasa, si kila mashapo yanafaa. Yale mazito ya siku za mwanzo, yenye vipande vya maganda na nyama ya zabibu, tunayatenga mapema. Msimu wetu wa kwanza tuliona uvivu, tukayaacha yajishindilie chini bila kukorogwa. Tangi likanuka yai viza. Ni gesi ya salfa, ambayo hamira huitoa pia ikikosa naitrojeni ya kutosha wakati wa kuchachuka. Tulimwaga tangi zima, na harufu ile nikiifikiria bado naisikia.

Kuna anayelalamika pia kwamba chupa aliyoiweka kabatini mwaka mzima "imepoteza ndizi". Ni kweli. Ile harufu ya ndizi mbivu kwenye mvinyo mchanga hutengenezwa na hamira wakati wa kuchachua, na haidumu. Muda huivunja, na joto la kabatini huharakisha. Ukiipenda ndizi, usiweke akiba.

Mvinyo wetu mwekundu mtamu ni habari nyingine kabisa. Humo tumebakiza sukari makusudi, na hamira chache hai zikisalia chupani, joto la Dar linaziamsha zianze kula upya. Hewa inajaa, kizibo kinaruka. Ndiyo maana ule mtamu tunauchuja mpaka ung'ae. Kwa hiyo shika tofauti hii: utando kwenye Chenin, kunywa. Povu na mapovu kwenye mwekundu mtamu, rudisha, hilo ni kosa letu na tutakubadilishia. Ukikuta vipunje vinavyong'aa kama chumvi, hizo ni tartari, yaani uchachu wa zabibu yenyewe ulioganda, hazina madhara.

Kabla ya kunywa Chenin, isimamishe kwenye friji tangu jana yake. Mimina polepole bila kuirudisha wima kila glasi, bakiza upana wa kidole chini. Wale waliokulia kwenye mbege watauliza kelele hizi zote za nini. Wao wameshazoea kinywaji chenye vitu vyake ndani. Wakorogee tu.

Na bei, kwa kuwa mnaiuliza kila siku: Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na tangi lililolaza Chenin miezi mitano halipokei juisi nyingine. Nafasi hiyo tunailipia. Chupa zijazo zitakuwa na maneno "ina mashapo ya hamira" mbele, kwa herufi kubwa, siyo nyuma ambako hakuna anayesoma.