Maisha ya Mama Hayakuanza Siku Aliyovuka Mpaka: Barua ya Wazi kwa Watoto na Wajukuu wa Akina Mama Waliohama

Wanangu na wajukuu zangu,

Salamu nyingi, na pole kwa wale mliofiwa karibuni. Nawaandikia ninyi ambao mama zenu au bibi zenu walizaliwa nchi moja, wakalea na kuzeekea nchi nyingine. Mimi ni mmoja wa wazee ambao watu huwaletea wasifu wa marehemu waupitie kabla haujasomwa mbele ya waombolezaji, na takriban kila unaonifikia huanza hivi: mama alifika nchini akiwa na sanduku moja na watoto wawili. Zinafuata kazi alizofanya, ada alizolipa, wajukuu aliowabeba, kisha maradhi na kifo. Hamna uongo humo. Ila mwanamke aliyevuka mpaka akiwa na miaka thelathini na tano alikuwa amekwisha kuishi miaka thelathini na tano, nayo yote inapitwa kwa sentensi moja, kana kwamba alizaliwa kwenye foleni ya uhamiaji.

Mtoto humjua mama yake kuanzia pale alipoanza kumhitaji. Ni kawaida, simlaumu mtu. Lakini kwa mama aliyehama hali ni nzito zaidi, kwa sababu mashahidi wa maisha yake ya awali hawako karibu. Mama asiyehama akifariki, hatakosekana jirani au rafiki wa shule wa kusimulia kwamba marehemu alikuwa mtundu darasani, au kwamba aliwahi kumkataa mchumba aliyechaguliwa na baba yake. Mama yenu aliwaacha wote hao alikotoka. Msipouliza ninyi, hakuna wa kusimulia.

Niliwahi kukaa na binti mmoja siku chache baada ya mazishi tukapekua bahasha ya karatasi za mama yake. Ndani yake mlikuwa na pasipoti iliyokwisha muda, cheti cha ndoa kilichochanika kwenye mikunjo, kadi za chanjo za watoto, na risiti za pesa alizokuwa akiwatumia ndugu zake. Jina lake limeandikwa kwa namna tatu. Kila karatasi ya ugenini inasema alizaliwa tarehe 1 Januari, na ndivyo wasifu ulivyosomwa. Wapo wengi wenye tarehe hiyo: Marekani na kwingineko, mkimbizi aliyefika bila kuijua siku aliyozaliwa amekuwa akiandikiwa 1 Januari ili fomu isibaki na pengo. Chini kabisa ya bahasha tukakuta picha ya wasichana wanne wa shule, wameshikana mabega, na nyuma yake majina manne kwa penseli. Binti alimtambua mama yake kwa sura tu. Hata jina lililoandikwa pale lilikuwa la utani ambalo hakuwahi kulisikia nyumbani. Wale wengine watatu walikuwa nani? Alinitazama mimi kama kwamba ningejua.

Msidhani hupotea wale wasiojulikana tu. Kituo cha uhamiaji cha Ellis Island, New York, kilipofunguliwa tarehe 1 Januari 1892, wa kwanza kuandikishwa alikuwa msichana wa Ireland aitwaye Annie Moore, aliyesafiri na wadogo zake wawili wa kiume. Alizawadiwa sarafu ya dhahabu ya dola 10, na magazeti yakamwandika. Baadaye akasahauliwa, na kwa miongo mingi heshima yake akapewa mwanamke mwingine mwenye jina hilohilo aliyefia Texas, ambaye wala hakuwa mhamiaji. Mwaka 2006 watafiti wa nasaba walizifuata nyaraka hatua kwa hatua wakampata Annie mwenyewe. Hakuwa amekwenda mbali na bandari. Aliolewa hapohapo New York, akazaa watoto wasiopungua kumi, akazika kadhaa wangali wadogo, naye akafariki mwaka 1924. Kaburi lake halikuwa na jiwe mpaka mwaka 2008. Huyo ni mhamiaji aliyechongewa sanamu pande zote mbili za bahari, na bado maisha yake halisi yalipotea kwa zaidi ya miaka themanini. Bibi yenu hana sanamu. Ana ninyi.

Mkianza kutafuta kwenye nyaraka, jueni kwamba mara nyingi mwanamke amefichwa nyuma ya mume. Kwa muda mrefu sheria za nchi nyingi zilimfanya mke afuate uraia wa mumewe apende asipende. Marekani, sheria ya mwaka 1907 ilimvua uraia mwanamke aliyeolewa na mgeni, na haikuanza kulegezwa mpaka 1922. Uingereza, mambo yalinyooka kwa sheria ya mwaka 1948. Na Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba kuhusu uraia wa wanawake walioolewa mwaka 1957. Kwa hiyo msikate tamaa jina lake lisipoonekana. Tafuteni jalada la babu, mtamkuta mama kwenye mstari wa chini, chini ya neno "mke".

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni hizi sifa. "Alijitoa mhanga kwa ajili yetu." Nimelisikia msibani mara nyingi mno, na najua wanaolisema wanampenda mama yao. Lakini mkilifanya ndilo neno lote, mnamgeuza mtu mzima kuwa mchango wa maendeleo yenu. Wengine walihama hamjazaliwa. Wengine walikimbia ndoa mbaya, wengine vita, na wengine walitaka tu kuona kulikoni upande wa pili, kama kijana yeyote mwenye damu inayochemka. Tangu mwaka 1885 mtafiti Ravenstein, akichambua sensa za Uingereza, aliandika kwamba ndani ya nchi yao wanawake huhama kuliko wanaume. Na kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020, wahamiaji wa kimataifa walikuwa milioni 281, karibu nusu yao wanawake. Si wote hao walikuwa wakifuata waume wala wakibebea watoto mzigo. Mwachieni mama yenu haki ya kuwa alihama kwa sababu zake mwenyewe.

Na msifiche kazi alizofanya. Nimeona watoto wenye vyeo wakiandika "alijishughulisha" pale ambapo ukweli ni kwamba mama alifagia ofisi usiku na kulea watoto wa watu mchana. Kazi za ndani hazikupata mkataba wake wa Shirika la Kazi Duniani mpaka mwaka 2011, kwa hiyo bibi zenu wengi waliifanya bila ulinzi wowote wa kimataifa. Iandikeni kwa jina lake. Iandikeni pia ile aliyokuwa nayo kabla, kwa sababu wapo waliokuwa walimu na wauguzi na vyeti vyao vikakataliwa walikofika. Mama anayepiga deki huku akijua kusoma kipimo cha presha kuliko nusu ya walio katika jengo lile, hilo si jambo la kurukwa.

Wengi mtaniambia: bibi hataki kuzungumza. Naelewa. Wapo waliovuka kwa jina lisilo lao, na hofu ya ofisa wa uhamiaji haimtoki mtu hata akipewa uraia. Baada ya moto wa San Francisco wa mwaka 1906 kuteketeza kumbukumbu za serikali, hapakubaki karatasi ya kuthibitisha nani alizaliwa hapo, na Wachina wengi waliingia Marekani kama watoto wa watu wasiowazaa, na familia zao zikaishi na siri hiyo vizazi na vizazi. Ukimya wa mzee mara nyingi ni ulinzi wenu. Basi msimwekee kinasa sauti mezani na kumwambia atoe historia ya maisha yake. Hata mimi ningenyamaza. Muulizeni vitu vidogo. Ulilala chumba kimoja na nani utotoni? Nani alikufundisha kushona? Siku ya kuondoka, nani alikusindikiza, na nani hakutokea? Uliacha nini kimefungwa kwa kufuli? Halafu nyamazeni. Akisema "hilo tuliache", liacheni, na msimpelekee mtu mwingine.

Fanyeni haya mapema. Wanaowauguza wazee wamelishuhudia mara nyingi: aliyeshikwa na maradhi ya kusahau huanza kupoteza lugha aliyojifunza ukubwani na kurudi kwenye ile ya utotoni. Ndipo wajukuu wanakaa kando ya kitanda, bibi anaongea kuliko alivyowahi kuongea, na hakuna anayeelewa. Jifunzeni lugha yake, hata kama ni kidogo ya kumuuliza nani yuko naye chumbani.

Kuna swali moja nawaomba msilisahau. Muulizeni alikuwa wapi siku alipopata habari kwamba mama yake mwenyewe amefariki. Wengi wao walizipokea kwa simu au kwa barua iliyochelewa, wakaenda kazini kesho yake kwa sababu hapakuwa na nauli wala ruhusa. Alilia wapi? Ninyi mlikuwa nyumbani wakati ule, pengine mkicheza, na hamkujua. Hilo liwemo kwenye wasifu wake, likitangulia ada na sanduku.

Kama mama amekwisha kutangulia, pengine yupo mdogo wake aliyebaki, au yule rafiki wa kwenye picha. Ni wazee sasa. Mtafuteni mtu anayeijua lugha yao vizuri, muwapigie simu juma hili, muwasomee wasifu mliouandika, na muwaombe wawasahihishe. Majina watakayowatajia yaandikeni kwanza kama wanavyoyatamka, ya mahali na ya watu, na jina la mama wa mama msiliache nje.

Bibi yenu awapendaye.