Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Klabu

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka zitasomwa na mweka hazina, na matokeo ya ligi mnayajua, wengine kwa uchungu. Naomba basi sehemu kubwa ya taarifa hii niitumie kwa jambo moja, nalo ni kung'atuka kwa kocha wetu mkuu, aliyeanza kuvaa jezi ya klabu hii akiwa timu ya watoto, akaichezea timu ya wakubwa hadi magoti yalipomgomea, kisha akashika filimbi ya mazoezi ambayo hakuiweka chini hadi msimu huu ulipomalizika.

Alikuwa beki wa kati, na wala hakuwa na kasi. Mwaka 1992, sheria ilipomkataza kipa kudaka mpira aliorudishiwa kwa makusudi na mwenzake kwa mguu, mabeki wengi wa rika lake waliona wameporwa kimbilio lao. Yeye alianza kubaki uwanjani na kipa wetu baada ya mazoezi, akimrudishia mipira mibovu kwa kusudi, mmoja ukidunda, mwingine ukija upande wa mguu dhaifu, hadi kipa akazoea kuutuliza na kuutoa bila papara. Kwa maoni yangu ukocha wake ulianzia hapo, miaka mingi kabla ya kamati kumpa cheo.

Sheria ilipobadilika tena mwaka 2019, ikaruhusu mpira wa goli, yaani ule unaoanzishwa langoni baada ya kutoka nje, upokelewe ndani ya eneo la penalti bila kusubiri uvuke zile mita 16.5, nilidhani mzee atapinga. Aliwaruhusu vijana waanzie nyuma, ila kwa sharti kwamba kipa asipige pasi fupi kabla hajajua mpira mrefu angeupeleka kwa nani iwapo wapinzani wangebana. Tulifungwa magoli ya kizembe mwanzoni, na kila mara alisimama mbele ya wachezaji akasema kosa ni lake.

Kwa watoto alikuwa mkaidi zaidi. Walio chini ya miaka 12 aliwachezesha kwenye uwanja mdogo, wachache kila upande, kwa mpira namba nne, ingawa wazazi kadhaa walilalamika kwamba huo si mpira wa kweli. Jibu lake lilikuwa kuwaomba wahesabu mtoto wao amegusa mpira mara ngapi. Waliohesabu hawakurudi kulalamika.

Lipo jambo ambalo kamati yangu inapaswa kulikiri. Katika mechi ambayo tuliihitaji sana, mshambuliaji wetu tegemeo aligongwa kichwani, akainuka na kusema yuko sawa, lakini kocha akamtoa, kwa kuwa mtu aliyetikisika ubongo si shahidi wa kuaminika wa hali yake mwenyewe. Tulipoteza mechi hiyo. Nilimfuata kwenye benchi nikamwambia maneno ambayo mwenyekiti hapaswi kuyasema, na daktari alipothibitisha baadaye kwamba kijana alihitaji kupumzika, nilinyamaza. Naomba radhi yangu iingie kwenye kumbukumbu za mkutano huu.

Tulimchosha pia. Tulipoanza kuorodhesha kazi za kukabidhi, tuligundua kwamba yeye ndiye aliyejaza mipira upepo, aliyefua jezi, aliyetunza funguo za stoo, aliyeandika fomu za usajili na aliyewapigia simu wachezaji walioacha kuja mazoezini. Hakuna kikao kilichompa majukumu hayo. Yalimwangukia kwa sababu hakuyakataa, na sisi tukaona ni sawa.

Kamati inapendekeza kwamba timu ya wakubwa na timu za watoto ziwe na makocha tofauti, na kwamba vifaa na usajili vishikwe na wanachama wawili watakaochaguliwa leo kabla hatujaondoka ukumbini. Kocha mwenyewe amekubali kuendelea kuwanoa makipa siku moja kwa wiki, si zaidi, na ninawasihi msimwombe siku ya pili. Daftari lake la mazoezi liko kwa katibu. Mwandiko wake si rahisi kusomeka, kwa hiyo makocha wapya walipitie wakati mwenyewe yupo wa kuulizwa.