Mifuko ya hewa ya Takata: kwa nini tunaomba namba ya chasisi kila gari la Japani linapoingia gereji

Wateja wengi wanaotuletea magari hapa Dar es Salaam huja kwa sababu ya kitu kinachosikika: shokapu zinazogonga, bushi zilizolika, breki zinazolia. Kasoro tunayotaka kuieleza leo haitoi mlio wowote. Inaweza kukaa ndani ya usukani au dashibodi kwa zaidi ya miaka kumi, gari likafanyiwa matengenezo ya kawaida kila baada ya muda, na dereva asihisi lolote hadi siku ya ajali. Ni kasoro ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani.

Honda ilianza kuyaita magari yake yarudishwe kwa sababu hiyo mnamo Novemba 2008. Baada ya hapo orodha iliendelea kurefuka, ikawaingiza Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi, BMW na wengine wengi, hadi likawa zoezi kubwa kuliko yote ya aina yake katika historia ya magari. Kwa Marekani pekee, mifuko iliyotakiwa kubadilishwa ni takriban milioni 67. Takata yenyewe iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2017.

Chanzo cha tatizo ni kemikali. Nyuma ya kila mfuko wa hewa kuna kikopo cha chuma chenye vidonge vya baruti ambavyo, gari likigonga, huungua mara moja na kutoa gesi ya kuujaza mfuko kabla kichwa cha dereva hakijafika kwenye usukani. Takata ilitumia nitrati ya amonia, na katika vikopo vingi haikuweka kitu cha kufyonza unyevu. Unyevu ukipenya, na joto likawa linapanda mchana na kushuka usiku mwaka hadi mwaka, vidonge hivyo hupasuka na kuwa ungaunga, na ungaunga huungua kwa kasi kuliko kidonge kizima. Badala ya kutoa gesi kwa kipimo, kikopo hulipuka, na vipande vya chuma hutoboa mfuko na kumlenga usoni na shingoni yule yule aliyepaswa kulindwa. Watu wamekufa kwa namna hiyo Marekani, Malaysia na Australia, baadhi yao katika ajali ndogo ambazo kwa kawaida mtu angeshuka na kulalamikia bampa.

Kwa sisi wa pwani, jambo hili lina uzito wa pekee. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilipopanga magari yapi yaanze kutengenezwa, iliyatanguliza ya maeneo yenye joto na unyevunyevu mwingi, kama Florida, Hawaii na Puerto Rico, kwa kuwa huko ndiko vidonge vilikoharibika haraka. Gari lililoshinda juani Kariakoo, Tanga au Unguja kwa miaka minane limeishi katika hali ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2016 mamlaka hiyo ilitangaza kwamba katika baadhi ya Honda na Acura (chapa ya kifahari ya Honda) za miaka ya 2001 hadi 2003, vipimo vya maabara vilionyesha uwezekano wa kikopo kulipuka unaofikia asilimia 50.

Tunaulizwa mara kwa mara kama taa ya SRS, yaani ya onyo la mfumo wa mifuko ya hewa, kwenye dashibodi ingewaka. Haiwaki. Taa hiyo husimamia nyaya, vihisi na viunganishi vya umeme, wala haina uwezo wa kujua hali ya kemikali iliyomo ndani ya kikopo. Kilomita chache si kinga pia, maana kinachohesabiwa ni umri na hali ya hewa.

Mtengenezaji anapoita magari, barua humfuata mmiliki aliyesajiliwa. Gari likishauzwa mnadani Japani na kupakiwa melini, barua hubaki kwenye anwani ya mtu aliyekwishalisahau. Kwa hiyo mwenye Vitz, Corolla, Honda Fit au X-Trail ya zamani hapaswi kungoja taarifa. Na aelewe vilevile kwamba si kila gari la majina hayo limo katika orodha. Kinachoamua ni namba ya chasisi, ambayo imeandikwa kwenye kadi ya gari na kugongwa kwenye bodi. Tovuti za ukaguzi za Marekani hudai herufi na tarakimu 17, na magari yaliyouzwa kwa soko la Japani hayana namba ya namna hiyo; yana msimbo mfupi wa modeli, kistari, kisha tarakimu. Namba hiyo huingizwa kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji husika, na baadhi yao hutaka sehemu mbili hizo ziandikwe katika visanduku tofauti. Tafsiri ya kompyuta ya kurasa hizo wakati mwingine huchekesha, lakini jibu hupatikana.

Kuna pia dalili ya kutazama kwa macho. Gari lililorekebishwa Japani baada ya kuitwa hubandikwa kibandiko kidogo chenye namba kwenye fremu ya mlango wa dereva, karibu na ndoano ya kitasa. Tukikikuta tunakipiga picha, ila hatuishii hapo: baadhi ya magari yalifungiwa kwanza kikopo kipya cha aina ile ile, yakaitwa tena baadaye, na bodi iliyopigwa rangi upya huenda imepoteza kibandiko chake.

Ikionekana gari lako bado linadaiwa matengenezo, tunakuandikia barua yenye namba ya chasisi na namba ya mwito (yaani ya tangazo la mtengenezaji la kuyaita magari), uipeleke kwa wakala rasmi wa mtengenezaji. Huko Japani kazi hii hufanywa bila malipo. Kwa magari yaliyoingizwa na watu binafsi, uliza mapema wakala atagharimia nini, na udai jibu la maandishi. Iwapo kasoro ni ya upande wa abiria, kiti hicho kisikaliwe hadi kazi ikamilike. Toyota yenyewe, spea zilipopungua mwaka 2014, iliagiza mfuko wa upande huo uzimwe kwa muda na kiti kiachwe wazi.

Hatufungi mfuko wa hewa wa mtumba kwa bei yoyote, kwa sababu uliotolewa kwenye gari la umri ule ule huenda una kikopo kile kile. Hatufungui kikopo, na tunakusihi usimruhusu fundi yeyote akifungue au akipime kwa mita ya umeme. Hata kuuondoa usukani tu huanza kwa kuchomoa betri na kusubiri. Toyota hutaka angalau sekunde 90.

Ukaguzi wa namba hatuutozi. Njoo na kadi ya gari, au tutumie picha ya namba iliyogongwa kwenye bodi, ili tuilinganishe na ya kwenye kadi kabla ya kutafuta.