Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: karai la chipsi kwenye geti la kliniki

Mheshimiwa Mganga Mkuu, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Makorora. Mwezi uliopita nilimsindikiza mkamwana wangu kliniki, mimba ya miezi saba. Tulifika saa moja asubuhi. Hadi saa nne hajaitwa, njaa ikamzidi, tukatoka getini.

Pale kuna karai. Mafuta yake meusi kama kahawa ya kashata, na kijana anamiminia mapya juu ya yale ya jana. Wajawazito watano kwenye benchi, kadi za kliniki zimefungwa pindoni mwa kanga, kila mmoja na sahani ya chipsi na soda. Mkamwana wangu akawa wa sita. Siwalaumu, maana hapakuwa na kingine cha kununua. Kijana naye anatafuta riziki.

Alipopimwa, presha ilikuwa juu na damu pungufu, ingawa vidonge vya kuongeza damu anameza kila siku, nashuhudia mwenyewe. Akaambiwa ale mlo kamili, akapewa rufaa.

Sisemi sahani ile moja ndiyo iliyompandisha presha. Nasema mazoea. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni vizuri mtu mzima asizidi kama 6 kwa siku nzima. Sukari hiyo, unga mweupe na mafuta yaliyochemshwa mara kumi, vikiliwa kila siku, huufanya mwili uishi kama una kidonda cha ndani kisichopona. Mishipa ya damu huumia, na kondo la nyuma hutegemea mishipa hiyo hiyo kumlisha mtoto. Tafiti zimehusisha ulaji wa namna hii na kisukari cha mimba, kifafa cha mimba na watoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo.

Lililonishtua zaidi ni hili la damu. Mwili ukiwa katika hali hiyo ya kidonda cha ndani, ini huongeza homoni iitwayo hepsidini, nayo huzuia madini ya chuma yasipite utumboni kuingia kwenye damu. Serikali inatoa vidonge hivyo vya chuma, na karai la getini linaweza kuvipunguzia kazi! Wengine huvimeza kwa chai ya rangi, ambayo nayo huzuia chuma. Mbona hatuelezwi?

Tanga hatukukosa chakula, Mheshimiwa. Vibua na dagaa wanashuka pale wavuvi wanapotia nanga, Deep Sea, machungwa yanatoka Muheza, kisamvu na kunde vipo soko la Mgandini. Naomba "mlo kamili" uwekwe mezani kliniki, mama auone kwa macho: kibua cha kuchoma, kunde, mchicha, nusu chungwa la kusindikiza kidonge. Na wauzaji wa getini waitwe, wasifukuzwe. Wapewe nafasi kwa sharti la kuuza mihogo ya kuchemsha, maharage, mayai ya kuchemsha, matunda na maji, na anayekaanga amwage mafuta yakishabadilika rangi.

Mkamwana wangu sasa yuko kwenye dawa za presha, na mtoto anacheza tumboni. Jumanne tunarudi kliniki. Nitakuwa kwenye benchi lile na hotipoti ya mihogo na vibua, na machungwa ya kuwatosha wenzake. Ukipata nafasi, karibu uketi nasi uone.

Wako,
Bibi mtarajiwa, Makorora, Tanga